Muulize Mzee wa Herufi: "Mteja anasema jina lake limeanguka"

SWALI: Shikamoo Mzee. Nina steshenari ndogo hapa Moshi, karibu na stendi. Kadi za harusi na sendofu huziandika kwa herufi nzito za mlazo, zile zenye vijiguu (vistari vidogo kwenye ncha za herufi), maana wateja wanasema zina heshima. Juzi dada mmoja kanirudishia kadi 150, eti jina lake "limeanguka". Nimelilaza kama siku zote. Kosa liko wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo dada ana jicho. Chukua kadi moja, tafuta neno "furaha". Ile f ndogo imesimama juu ya mstari? Na a ndogo bado ina kofia kichwani? Basi huo si mlazo, ni herufi wima iliyosukumwa ubavu.

Mlazo wa kweli ulitokana na mwandiko wa mkono. Francesco Griffo aliuchonga kwa ajili ya mchapaji Aldus Manutius kule Venice, na mwaka 1501 wakatoa mashairi ya Virgil, mshairi wa Roma ya kale, kitabu kizima kwa herufi hizo. Unene ulikuja baadaye sana, karne ya 19, matangazo yalipoanza kugombania macho ya watu. Na kwa kuwa mlazo ulitoka kwenye mwandiko wa mkono, f yake huteremsha mkia chini ya mstari, na a huvua kofia ikabaki duara na kijiti, kama tulivyoiandika darasa la kwanza.

Nadhani fonti yako uliipakua ikiwa na faili moja tu. Ukibonyeza B na I, programu inajitungia unene na mlazo. Fungua folda ya fonti uhesabu: ya kawaida, nzito, ya mlazo, na nzito ya mlazo. Times New Roman na Georgia zinazo zote nne. Anza na hizo, mapambo baadaye.

Halafu usiimwage herufi nzito ya mlazo kwenye kadi nzima. Herufi hii ni mshereheshaji: anatangaza maharusi wanaingia, kisha anakaa. Majina yao, basi. Tarehe, ukumbi, kiwango cha mchango na simu ya mweka hazina wa kamati viandike wima, mtu asikosee tarakimu wakati wa kutuma. Na herufi kubwa tupu usizilaze. Zinafanana na migomba baada ya upepo.

Mimi mwenyewe niliwahi kuchapa ratiba nzima ya ibada ya mazishi kwa herufi nzito za mlazo, huko Arusha, ndogo za pointi 9, kwenye mashine iliyokuwa ikimwaga wino. Kila tundu la e liliziba. Mchungaji akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, mwisho akamwita mjukuu wa marehemu amsomee. Sikudai salio.

Zile 150 usizitupe. Mgongo wake mweupe utakufaa kujaribia wino.