Jibu: Kifaransa cha sekondari kinatosha kusomea sheria London na Paris?

Mdogo wangu, kwa ile digrii ya King's College London na Paris 1 Panthéon-Sorbonne, Kifaransa hicho hakitoshi. Utanunulia mkate, sawa, ila mtihani ni kitu kingine. Miaka 2 ya kwanza ni London, 2 ya mwisho Paris.

Na lugha si mlima pekee. Uzembe ukimdhuru mtu, Mwingereza anakupeleka kwenye kesi ya Donoghue v Stevenson ya 1932, yule konokono wa kwenye chupa ya soda. Mfaransa anafungua kifungu cha 1240 cha Code civil, kitabu cha sheria za kiraia cha Ufaransa, sentensi moja tu! Halafu insha za Wafaransa: sehemu 2, kila sehemu vipande 2. Hapo ndipo jasho linapotoka. Anza sasa kusoma hukumu za Cour de cassation, mahakama ya juu ya Ufaransa kwa kesi za madai na jinai, nyingi ni fupi.