Laini iliyosajiliwa kwa jina lako: maswali na majibu

Nimepiga *106# nikakuta namba mbili nisizozijua zimesajiliwa kwa kitambulisho changu. Zimefikaje huko, na nifanye nini? (Msomaji, Mbagala)

Njia inayolalamikiwa zaidi ni ya wakala wa chini ya mwavuli: mteja anaweka kidole, anaambiwa mashine imekataa, anaweka tena, kumbe kila alipoweka imesajiliwa laini moja. Tangu usajili kwa alama za vidole ulipoanza Mei 2019, sehemu kubwa ya kazi hiyo imefanywa na mawakala wanaolipwa kamisheni, na penye kamisheni ya idadi vishawishi havikosekani, hasa anapohudumiwa mzee asiyesoma kinachoandikwa kwenye kioo cha simu.

Usirudi kwa wakala. Nenda katika duka la kampuni yenye namba hizo ukiwa na namba yako ya NIDA, uombe ziondolewe, kisha baada ya siku chache upige tena *106# kuhakiki. Kama unashuku kwamba zimetumika kutapeli, toa taarifa polisi mapema, kwa sababu upelelezi wa namba yoyote huanzia kwa mtu aliyeandikwa kuwa mmiliki wake. Kwa maoni yangu mzigo huu umetwishwa asiyestahili. Ingekuwa haki mwenye kitambulisho aarifiwe papo hapo, kwenye laini aliyonayo, kila jina lake linapotumika kusajili nyingine, badala ya kuachiwa kazi ya kujichunguza mwenyewe.

Mwanangu wa miaka 15 anatumia laini niliyosajili mimi. Je, ni kosa?

Hapana. Kitambulisho cha Taifa hutolewa kwa aliyetimiza miaka 18, kwa hiyo mzazi au mlezi ndiye husajili. Kumbuka tu kwamba namba hiyo nayo itaonekana kwenye orodha yako.

Ikiwa kila laini ina mwenyewe anayejulikana, mbona ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hauishi?

Kwa sababu anayejulikana ni aliyeweka kidole, wala si lazima awe ndiye aliyeshika simu. Laini zisizosajiliwa kwa vidole zilipoanza kuzimwa Januari 2020, wengi tulidhani matapeli watakosa pa kujificha. Wao wakahamia kwenye majina ya watu wengine, na ndiyo maana swali la msomaji wa Mbagala linatuhusu sote. Ukipata ujumbe wa namna hiyo, usijibu. Utume kwenda 15040, na utakapoulizwa namba ya tapeli, iandike.

Dada yangu alikopa kupitia programu ya simu. Sasa wanatutumia ujumbe wa kumwaibisha sisi ndugu na hata mwajiri wake. Sisi tusiokopa tuna haki gani?

Mnayo, na ni yenu wenyewe, si ya kuazima kwake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inamlinda kila mtu ambaye taarifa zake zinakusanywa, na dada yako alipobonyeza "ruhusu" ili programu isome majina na namba zilizomo kwenye simu yake, hakuwa na mamlaka ya kuridhia kwa niaba ya watu hao wote. Kila mmoja wenu anaweza kulalamika mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Deni lenyewe ni suala jingine, na malalamiko hayalifuti.

Angalieni pia kama mkopeshaji ana leseni: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Dada yako aiondolee programu ruhusa ya kusoma majina, ingawa yaliyokwisha kuchukuliwa hayarudi kwa kuifuta, na ninyi msifute ujumbe hata ukikera namna gani: upigeni picha kama unavyoonekana, namba na tarehe zikiwamo, kwa kuwa ndio ushahidi mtakaouambatanisha na malalamiko yenu.