Maswali ya Wasomaji: Moshi mweusi wa Forester, turbo zinazokufa mfululizo, na springi za Altezza

Nina Subaru Forester SG5 ya turbo, gia za mkono. Nilifunga valvu ya blo-ofu (ile inayoachia presha ya turbo unapoachia mafuta) inayomwaga hewa nje, na eksozi pana kuanzia kwenye turbo. Sasa nikibadilisha gia inatoa moshi mweusi, nikikanyaga klachi kusimama inazima, na nikikanyaga mafuta sana mlimani injini inakatika ghafla kisha inarudi. Fundi anataka kubadilisha pampu ya petroli. Nifanye nini? – Msomaji, Nakuru

Acha pampu kwanza. Una matatizo mawili, na yote yanaelekea kutoka kwenye vifaa ulivyofunga.

Moshi na kuzima ni kazi ya blo-ofu. Gari hili hupima hewa kwa sensa iliyo mara tu baada ya filta, kabla ya turbo. Kompyuta inamwaga petroli kulingana na hewa iliyokwisha kuhesabiwa hapo. Valvu ya kiwandani huirudisha hewa ya ziada kwenye bomba la kuingilia turbo. Yako inaitupa nje. Hewa haipo tena, petroli yake ipo, mchanganyiko unakuwa mzito. Rudisha valvu ya kiwandani: bolti mbili juu ya intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo), gasketi mpya, na mpira wake wa kurudishia hewa. Usiache tundu la mpira huo wazi kwenye bomba la kuingilia, kwa sababu hewa itakayopita hapo haijapimwa kabisa.

Kukatika mlimani huenda ni kinga. Eksozi pana inaiacha turbo izunguke kwa urahisi, presha inapita kiwango, na kompyuta inakata petroli kuokoa pistoni. Funga geji ya presha uhakikishe. Wapo wanaoweka kifaa cha kuidanganya kompyuta ili isikate. Tunakusihi usifanye hivyo. Pistoni za EJ20, injini ya gari lako, hupasuka kwenye kingo zinazoshikilia ringi pale injini inapogonga (petroli inapolipuka yenyewe kabla ya wakati) chini ya presha, na petroli ya hai-oku inayouzwa Japani huwa na oktani (uwezo wa kuzuia kugonga) karibu 100, juu kuliko unayojaza wewe. Ama rudisha bomba la kiwandani, ama nenda kwa mtu wa kupanga upya ramani ya kompyuta (mpangilio wake wa petroli na cheche) akiwa na sensa ya kupima mchanganyiko kwenye eksozi, na apange kwa petroli ya kituo unachojaza kila siku.

Kabla ya kupanga chochote, tafuta mivujo. Tengeneza kizibo cha PVC chenye valvu ya tairi, kifunge kwenye bomba la kuingilia baada ya sensa ya hewa, kisha jaza kwa kompresa. Usivuke PSI 10, maana presha hiyo inafika hadi kwenye kreki, yaani tumbo la injini, kupitia mabomba ya kupumulia na inaweza kusukuma sili za mafuta. Paka maji ya sabuni: mpira kati ya turbo na intakula, mpira wa kwenda kwenye throto (mlango wa hewa wa injini), na ukingo ambapo plastiki ya intakula imebanwa kwenye alumini. Hapo mwisho ndipo wengi hawaangalii. Mlio mdogo wa hewa ndani ya injini ni kawaida, kuna valvu zilizo wazi.

Subaru Legacy B4 yangu ya 2004 imeua turbo, nikafunga nyingine, nayo imekufa ndani ya miezi mitatu. Fundi anasema niliuziwa feki. – Msomaji, Arusha

Inawezekana, lakini turbo ya pili ikifa haraka hivyo, shuku oili kwanza. Kwenye injini za Subaru za EJ zenye AVCS (mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka), oili ya turbo hutoka nyuma ya kichwa cha silinda cha upande wa kulia, na ndani ya bolti yenye tundu inayoshika bomba hilo kuna kichujio kidogo cha wavu. Oili ikikaa muda mrefu inaacha masizi, wavu unaziba, turbo inakauka. Weka bolti yenye kichujio kipya na washa mpya za shaba. Kuna mafundi wanaoutoa wavu kabisa. Hatuwalaumu, ilimradi oili inabadilishwa kila kilomita 5,000.

Kazi haiishii hapo. Turbo ikivunjika, chembe za chuma hushuka kwenye sampu (karai la oili chini ya injini). Shusha sampu, angalia bomba la kunyonyea oili: kwenye injini hizi hupata ufa kwenye maungio, na pampu ikivuta hewa beringi za koni rodi hufuata. Weka jipya. Ukirudisha sampu, paka silikoni mstari mwembamba tu; inayobanwa kwenda ndani hukatika ikaziba chujio la bomba hilohilo. Intakula nayo itolewe ioshwe.

Usiwashe mara moja. Mimina oili safi kwenye tundu la turbo, chomoa fyuzi ya pampu ya petroli, piga stata kwa sekunde 10, pumzisha, rudia mpaka taa ya oili izime. Baada ya hapo pima oili kwa kijiti kila unapojaza petroli. Kati ya alama ya chini na ya juu ni takriban lita moja, na injini inayochukua lita nne na ushee haiwezi kuvumilia pengo hilo kwenye kona kali.

Nataka kuishusha Toyota Altezza yangu iwe chini zaidi. Kukata springi kuna ubaya? – Msomaji, Mwanza

Upo. Ukikata, ncha iliyotengenezwa kukaa kwenye kikombe chake inapotea, na gurudumu likining'inia kwenye shimo springi inalegea na inaweza kuhama. Kukata kwa moto wa gesi ni kubaya zaidi: chuma kinapoteza ugumu wake. Nunua springi fupi zinazoshusha gari kwa sentimita 3 na shokapu zinazolingana nazo. Legeza bolti za bushi za mikono kabla ya kushusha gari, kisha zikaze likiwa limesimama kwa matairi yake. Ukizikaza gari likiwa kwenye jeki, mpira unabaki umejipinda na utachanika mapema. Kapime wilo alaimenti baada ya hapo, na uitake kemba (pembe ya gurudumu kuinama) ya nyuma hasa, kwa kuwa Altezza ikishuka magurudumu huinamia ndani na tairi huliwa upande usiouona ukiwa umesimama.