Si hitilafu, ni tauni

Umeuliza kama gemu limeharibika, maana watu wa nchi yako wanakufa kwa wingi. Hapana, halijaharibika. Watu kupukutika hivyo miaka ya mwanzo ya Europa Universalis V, gemu la kompyuta la kuongoza nchi katika historia, ni ile tauni kuu ya karne ya 14, na imewekwa makusudi. Toleo la nne lilianzia Novemba 1444, balaa hilo likiwa limeshapita zamani. Hili la tano linaanzia Aprili 1337, miaka kumi tu kabla ya meli zenye wagonjwa kutia nanga Messina, bandari ya Sisilia huko Italia, Oktoba 1347. Tena safari hii kila jimbo lina watu wake wanaohesabiwa, wakulima, vibarua, makasisi, kwa hiyo wakifa pengo unaliona papo hapo: kodi inashuka, karakana zinakosa mikono, askari wa kuwaita hawapo.

Mimi nilikuwa naongoza Florence, mji wa Italia, ndiyo kwanza nimejenga karakana za nguo kwa mkopo. Tauni ikapita, nikabaki na majengo matupu na riba inadai. Iliniuma kweli, ila ndivyo ilivyokuwa: wanahistoria wengi wanakadiria Ulaya ilipoteza kati ya theluthi moja na nusu ya watu wake. Ndiyo maana nalipenda gemu hili, japo nawaelewa wanaolalamika kuwa ni zito mno kwa mgeni.

Ila kama watu wanapungua na tauni haionekani kwenye ramani, kagua akiba ya chakula ya jimbo. Ikiisha, njaa nayo inaua.