Msiuze kihamba kabla hamjajua kidonge ni cha saratani ipi

Naandika hii nikiwa Moshi. Baba yangu ana saratani ya mapafu na mwaka jana ilibaki kidogo tu tuuze kipande cha kihamba, yaani shamba letu la ukoo, kwa ajili ya dawa ambayo haikuwa yake, sitaki yakukute.

Baba alikohoa miezi mingi, kuna kituo wakampa dawa za TB bila hata kupima makohozi, mpaka kinyama kilipotolewa mapafuni ndo tukajua. Usiku uleule baba mdogo akapiga simu, katumiwa meseji WhatsApp kuna kidonge kinaitwa olaparib kinatibu saratani ya kifua, tutafute mteja. Kesho yake mteja kashafika, anahesabu hatua kutoka kwenye masale ya mpakani mpaka mferejini, na baba kakaa barazani anamwangalia tu, haongei.

Nikamwambia, "Shikamoo baba mdogo, naomba tumsikie daktari kwanza." Akanuna ila akakubali.

Sasa nieleze nilivyoelewa. DNA (vinasaba) kwenye seli inakatika kila siku na seli inajitengeneza yenyewe. Chukulia mfereji wetu wa huku mlimani, ufa mdogo anauziba mtu mmoja kwa udongo na majani ya mgomba, ila ukikatika kabisa inabidi ukoo mzima utoke na majembe. Yule mzibaji wa nyufa anaitwa PARP, wa majembe ni jeni kama BRCA1 na BRCA2. Kuna saratani ambazo BRCA imeharibika kwahiyo wa majembe hawapo, zinaishi kwa kumtegemea mzibaji tu, olaparib inamfunga huyo mikono na nyufa zinageuka mikatiko mikubwa, seli ya saratani inakufa. Seli yenye afya inahimili zaidi kwa sababu wa majembe bado wapo, ingawa kichefuchefu, uchovu na kupungukiwa damu vinatokea sana.

Marekani waliiruhusu Desemba 2014 kwa saratani ya ovari, halafu Januari 2018 kwa saratani ya matiti iliyosambaa isiyo na HER2 (protini inayokuza baadhi ya saratani za titi), kwa aliyerithi hitilafu ya BRCA. Umeona hapo? Titi liko kifuani na pafu liko kifuani, ile meseji ikaweka vyote kapu moja. Kwa mapafu dawa za aina hii zimejaribiwa na majaribio makubwa hayakuonyesha faida ya kutosha, hazijaruhusiwa huko.

Kwahiyo mgonjwa wako akiwa na saratani ya titi uliza habari ya kipimo cha BRCA, kinafanyika hata kwa damu, na waambie dada zake na mabinti kwa sababu hitilafu hiyo inarithiwa. Akiwa na ya mapafu uliza kipimo cha EGFR, jeni ambayo ikiwa na hitilafu inakuza saratani, hiyo ina vidonge vyake vingine kabisa. Na kile kinyama kilichogandishwa kwenye nta kina thamani kuliko mnavyodhani, ni kipande kidogo kuliko ukucha, sisi tulikipeleka maabara nyingine kwenye bahasha ya kaki nimeishika mapajani njia nzima kama yai. Uliza kimehifadhiwa wapi, kisitupwe.

Cha baba hitilafu ya EGFR haikuonekana, akaanzishiwa dripu za kemo. Mteja tulimwomba radhi, na baba mdogo ndo anampeleka baba kliniki kila tarehe yake ikifika.