Kabla hujatuma kwenye kundi la kazini

Wiki yangu ya tatu kazini nilisambaza kwenye kundi la WhatsApp la idara tangazo kwamba muda wa kuwasilisha ripoti umeongezwa. Nililipata kwa mtu ninayemwamini, naye alilipata kwa mwingine. Juu yake palikuwa na mishale miwili, alama kwamba ujumbe umeshapita mikononi mwa watu wengi. Sikuijali. Wenzangu wawili wakaiweka ripoti kando, wakashika kazi nyingine. Kumbe muda haukuongezwa hata siku moja.

Hilo lingesameheka. Kilichoniponza ni kwamba niliufuta. Ujumbe ukifutwa kwenye kundi huacha maneno kuwa umefutwa, na aliyeyaona hubaki akijiuliza unaficha nini. Tena mmoja alikuwa ameshaupiga picha ya skrini. Miezi kadhaa baadaye kila nilichoandika kilijibiwa kwa swali lilelile: "Umehakikisha?" Hata nilipoandika tu kwamba kikao kimeanza.

Kwa hiyo wewe unayeanza, ukikosea, liache kosa lako pale pale na uandike chini yake: "Nimekosea. Muda ni uleule, sikuuliza kabla ya kutuma." Tangu 2023 unaweza kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15, lakini tumia nafasi hiyo kusahihisha herufi, si tarehe wala kiasi cha fedha. Aliyekwisha kusoma mara ya kwanza halazimiki kurudi kusoma tena.

Tiki za bluu nazo zina kesi yake. Mtu akiona umesoma na umenyamaza, anajaza mwenyewe sababu, na mara chache huchagua iliyo nzuri. Kuzizima hakusaidii sana, maana kwenye makundi bado zinaonekana. Andika "Nimeona, nitajibu saa kumi," kisha saa kumi ujibu, hata kama jibu ni kwamba hujamaliza.

Malalamiko juu ya mtu usiyaandike kundini. Mfuate.

Na ukipata ujumbe wa bosi kutoka namba mpya, wenye haraka, unaotaka fedha au nywila, mpigie kwenye namba yake ya zamani. Niliogopa sana mara ya kwanza kufanya hivyo, nikidhani ataona namtilia shaka. Alicheka, kisha akaniomba niwaonye wenzangu kundini.