Mlio wa kizamani wa besi: anza na sponji, si kitufe cha toni

Umeuliza namna ya kulipa gitaa la besi la kisasa ule mlio mfupi, mnene na wenye kishindo unaosikika katika rekodi nyingi za miaka ya 1960, ukaeleza kwamba umekwisha kupunguza toni hadi mwisho lakini kinachotoka ni sauti nzito inayopotea ndani ya bendi. Nimepiga besi iliyozimwa nyuzi, yaani zilizoguswa na kitu laini ili zisitikisike kwa muda mrefu, kwa miaka mingi, jukwaani na studioni, na naamini kitufe cha toni peke yake hakitakufikisha huko, kwa kuwa kinapunguza ukali wa sauti na kuuacha urefu wa noti kama ulivyokuwa. Siri ya mlio ule imo katika jinsi noti inavyokufa: inaanza kwa nguvu, inanyauka upesi, na kuiachia ngoma nafasi yake.

Watengenezaji walilijua hilo mapema. Besi ya umeme ya Fender Precision, iliyotoka mwaka 1951, iliwekewa kifuniko cha chuma juu ya daraja, yaani kipande kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa, na ndani yake kipande laini cha kugusa nyuzi. James Jamerson, aliyepiga besi katika rekodi nyingi za kampuni ya muziki ya Motown kule Detroit, alitumia Precision ya mwaka 1962 yenye nyuzi zilizozungushiwa waya bapa, ambazo hakuwa na desturi ya kuzibadilisha, huku mkono wake wa kulia ukitegemea kidole cha shahada pekee. Carol Kaye, mjini Los Angeles, alipiga kwa piki, kile kipande kidogo cha kukwangulia nyuzi, na kuweka kipande cha felti juu ya nyuzi karibu na daraja.

Wewe unahitaji sponji tu. Kata kipande chenye urefu wa kutosha kupita chini ya nyuzi zote, upana wa sentimita 2 hivi, na kimo kinachozidi kidogo nafasi iliyopo kati ya mwili wa gitaa na nyuzi, kisha kisukume chini ya nyuzi hadi kiegemee vile vijidaraja vidogo vinavyozibeba. Hapa ndipo penye kazi ya kweli. Katika besi nyingi nyuzi hazikai kwenye mstari ulionyooka, bali zinafuata mviringo wa shingo, kwa hiyo zile mbili za katikati, A na D, huwa juu kidogo kuliko za pembeni, E na G. Sponji iliyokatwa sawasawa itazibana za pembeni na kuzigusa za katikati kwa shida. Mimi huikata upande wa juu ikiwa na mwinuko mdogo katikati, kisha naipunguza tena chini ya uzi wa G, kwa sababu uzi mwembamba huzimika kwa urahisi kuliko mnene. Piga kila uzi bila kuubonyeza na usikilize: ukisikia kishindo pamoja na noti inayotambulika, umefika, ukisikia kishindo bila noti, sponji imebana mno na inafaa kupunguzwa kwa mkasi kidogo kidogo.

Usiisogeze mbali na daraja. Kadiri inavyosogea kuelekea pikapu, kile kifaa kinachonasa sauti ya nyuzi, ndivyo inavyomeza sehemu kubwa zaidi ya mtikisiko wa uzi, na ikiwa ni ngumu huufanya uzi uwe kama umefupishwa, hata noti za juu zikapanda na kuacha kulingana na gitaa nyingine. Baada ya kuiweka, pima kwa kifaa cha kupimia noti (tuner) noti ya uzi mtupu na ile ya freti ya 12, yaani ukibonyeza uzi kwenye kijichuma cha 12 cha shingo. Zikipishana ilhali hapo awali zililingana, rudisha sponji nyuma au tafuta iliyo laini zaidi.

Nyuzi za waya bapa zinasaidia sana, lakini jaribu sponji kabla ya kuzinunua, maana hata nyuzi za waya wa mviringo zilizochakaa hutoa mlio mzuri zikizimwa. Kwenye amplifaya, sauti itapungua, nawe utashawishika kuongeza sauti nzito. Ongeza kwanza sauti za kati, kwani ndizo zinazoifanya noti fupi isikike katikati ya ngoma na kinanda.

Wimbo unaotaka noti ishikiliwe kwa baa nzima (kipimo kimoja cha mapigo) hautakubali sponji hata kidogo, na pale unapobadilisha mtindo katikati ya wimbo hutakuwa na muda wa kuitoa. Kwa nyimbo hizo, laza ukingo wa kiganja juu ya nyuzi karibu kabisa na daraja na upige kwa kidole gumba, ukitumia nyama ya kidole na si ukucha. Kuinua kiganja kidogo kunarefusha noti, kukigandamiza kunaifupisha, na ndani ya baa moja unaweza kupita kutoka mlio mkavu hadi ulio wazi, jambo ambalo sponji haiwezi kukupa.